Filamu ya dakika 14, nafasi ya dakika 5: ingia, lakini usiipunguze

Swali: Mimi ni mkufunzi wa maabara ya biolojia katika chuo kikuu. Chuo kimetangaza tamasha la midia za kidijitali, na limefunguliwa kwa wanafunzi na wafanyakazi. Nina filamu ya dakika 14 kuhusu jinsi mbegu inavyoota. Niliipiga maabara kwa simu yangu na kamera ya kazini. Mwanafunzi mmoja alinisaidia kuihariri, na wengine wawili wanazungumza ndani yake. Muziki tuliupata mtandaoni, umeandikwa kuwa ni wa bure. Masharti yanataka kazi isizidi dakika 5. Je, niipunguze niingie, au niwaachie wanafunzi uwanja wao? Na tukiingia, jina la mbele liwe la nani?

Jibu: Mwalimu, ingia. Kazi ya maabara ni nadra kufika mbele ya watu wa idara nyingine, na tamasha la chuo ni mahali pazuri pa kuifikisha. Lakini filamu yako ya dakika 14 iache kama ilivyo. Kaa na mwanafunzi wako mtengeneze nyingine, ya dakika 5, kutokana na picha zile zile.

Nakushauri hivyo kwa sababu ya namna kupunguza kunavyokwenda. Mtu mwenye dakika 14 anayetakiwa abaki na 5 huanza kunyoa: sekunde tatu hapa, nusu sentensi pale, picha hii aiharakishe kidogo. Mwishowe mada zote alizokuwa nazo bado zimo, ila hakuna hata moja iliyopata nafasi ya kueleweka. Filamu kuhusu mbegu inavyoota inabeba maji kuingia kwenye mbegu, ganda kupasuka, mzizi kutoka, chipukizi kutafuta mwanga, majani ya kwanza kufunguka, pamoja na wanafunzi wawili wakieleza. Darasani unaweza kusimama katikati ukarudia. Ukumbini filamu inapita mara moja, kisha inakuja ya mtu mwingine. Kwa hiyo chagua swali moja tu, lile ambalo picha zako zinaweza kulijibu karibu bila maneno.

Ningekuwa wewe, ningechagua mzizi. Ndio unaotangulia kutoka katika mbegu nyingi, na huelekea chini hata kama mbegu imelazwa vibaya. Ukiigeuza mbegu iliyokwisha kuota, ncha ya mzizi hupinda na kurudi kuelekea chini ndani ya saa chache. Wewe unajua sababu: kwenye kofia ya mzizi, yaani tabaka linalofunika ncha yake, mna seli zenye chembe nzito za wanga, nazo huzama upande wa chini na kuupa mzizi habari ya upande ambao dunia inavuta. Mwanasayansi Charles Darwin na mwanawe Francis walikwisha kuitaja ncha hiyo kuwa mahali pa kuhisi mvutano mwaka 1880. Sasa fikiria filamu yenyewe: mkono unageuza mbegu, mzizi unapinda, mkono unageuza tena, mzizi unapinda tena. Mhasibu wa chuo na mwanafunzi wa sheria watakuwa wamekwisha kujiuliza mzizi umejuaje kabla hujawaambia kitu. Hapo ndipo mwanafunzi wako anaingia na kueleza, kwa sekunde arobaini tu, na maelezo yake yatapokewa kwa hamu kwa sababu swali lilikwisha kuulizwa na picha.

Kama picha za kugeuza mbegu huna, zipige upya. Muda bado unatosha ikiwa tangazo limetoka karibuni. Fanya hesabu kwanza. Ukipiga picha moja kila dakika 10, siku nzima inakupa picha 144, na kwa kasi ya fremu 24 (yaani picha moja moja 24) kwa sekunde hizo ni sekunde 6 za filamu. Inatosha kwa chipukizi linalokua siku tano. Mzizi unaopinda ndani ya saa sita utakupa picha 36 tu, yaani sekunde moja na nusu, na mtazamaji akipepesa macho imempita. Piga moja kila dakika 2 upate picha 180, sekunde saba na nusu. Funga kila kitu ambacho kamera hujirekebishia yenyewe: mwangaza, rangi, umbali wa kuona. Taa iwake muda wote na dirisha lizibwe, la sivyo mchana na usiku vitaifanya filamu iwe inamemeteka. Taa hiyo imulike sawasawa kutoka mbele, kwani ikitoka kushoto au kulia chipukizi litaifuata na kuivuruga hoja yako ya mvutano.

Na usijione mgeni katika kazi hii kwa kuwa ni mwalimu wa sayansi. Wilhelm Pfeffer, profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Leipzig, alikuwa akipiga filamu za namna hii kati ya mwaka 1898 na 1900, ili wanafunzi wake waone mimea ikisogea. Sinema yenyewe ilikuwa na umri wa miaka michache tu.

Kuhusu dakika 5 zenyewe: soma kama orodha ya majina ya watengenezaji inayopita mwishoni mwa filamu imo ndani ya hesabu. Mara nyingi imo. Tuzo za Oscar, kwa mfano, huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina yote, na tamasha la Cannes huweka ukomo wa dakika 15 kwa filamu fupi. Wa kwenu ni 5, na fomu nyingi za mtandaoni hazibembelezi sekunde. Lenga dakika 4 na sekunde 40, ubaki na nafasi ya jina la mtu uliyemsahau.

Waamuzi watatazama kazi nyingi mfululizo, wengine baada ya saa za kazi. Sekunde thelathini za kwanza ndizo zitakazowafanya wainue vichwa au waendelee kuandika maoni ya kazi iliyotangulia. Kwa hiyo usifungue kwa nembo ya idara, wala kwa salamu, wala kwa jengo la maabara lililopigwa kwa nje. Fungua kwa mzizi. Kichwa cha filamu kije baada ya mzizi kupinda mara ya kwanza.

Sasa sauti, ambayo kwa maoni yangu huziangusha kazi za chuo kuliko picha mbaya. Picha yenye chembechembe watu huivumilia, hata kuipenda. Maneno yasiyosikika hawayavumilii. Ulisema sehemu ya filamu uliipiga kwa simu. Simu nyingi hupiga video kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na ukiiingiza katika programu ya kuhariri, sauti huweza kuachana na midomo polepole, usione kasoro mwanzoni ila dakika ya tatu. Kabla ya kuhariri, pitisha faili hizo kwenye programu ya kubadilisha miundo, kama HandBrake ambayo hailipiwi, na uchague kasi ya fremu isiyobadilika. Kisha sikiliza kwa hedifoni kama sauti iko masikioni mote mawili. Maikrofoni ndogo ya kubandika nguoni mara nyingi hurekodi upande mmoja tu. Kwenye kompyuta hutatambua, lakini ukumbini nusu ya watu watamwona mwanafunzi akifungua kinywa bila kumsikia vizuri. Programu yoyote ya kuhariri ina njia ya kuugeuza upande huo mmoja uende pande zote mbili.

Kama mahojiano yenyewe yana mwangwi wa chumba kitupu, usihangaike kuyasafisha kwa programu. Yarekodi upya. Mweke mwanafunzi kwenye chumba chenye mapazia au rafu za vitabu, maikrofoni iwe karibu na kifua chake, zima feni na friji ya maabara, na umwombe aeleze kama anamweleza mdogo wake. Utakuwa umeokoa siku nzima ya kuhangaika na mwangwi.

Kuhusu kiwango cha sauti: watangazaji wa Ulaya hufuata kipimo cha hasi 23 LUFS (LUFS hupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kilichowekwa mwaka 2010, na tovuti nyingi za video husawazisha karibu na hasi 14. Masharti ya tamasha lenu yakitaja namba, ifuate. Yasipotaja, hakikisha maneno yanasikika kwa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho na muziki hauyafuniki.

Na muziki, Mwalimu, ndiyo sehemu inayonipa wasiwasi zaidi katika barua yako. Kuandikwa kuwa ni wa bure kunamaanisha hulipii kuupakua au kuusikiliza. Hakukuambii kama una ruhusa ya kuuweka kwenye filamu. Rudi pale mlipoupata mtafute leseni yenyewe. Kama ni mojawapo ya leseni za Creative Commons, ambazo mtunzi huzitumia kuruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, angalia herufi zake. BY inakutaka umtaje mtunzi, basi. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na tamasha likiwa na wadhamini, viingilio au zawadi za fedha, mpaka wake unakuwa na utata. Mimi nisingeutumia bila kumwandikia mtunzi. SA inataka kazi yako nayo itolewe kwa leseni ile ile, jambo ambalo huenda chuo hakitalikubali. ND ndiyo inayowanasa wengi: inaruhusu kusambaza lakini si kubadilisha, na kwa leseni hizi kuuweka muziki sambamba na picha zinazotembea huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Wimbo wenye ND hauwezi kuingia kwenye filamu yako hata kama hujaukata hata nukta moja.

Watu wengine hukimbilia muziki wa watunzi waliokufa zamani. Ni njia nzuri, ila kumbuka kuna haki mbili ndani ya rekodi moja: ya aliyetunga na ya waliopiga na kurekodi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, unampa mtunzi ulinzi wa maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa, na nchi nyingi zimeufikisha miaka 70. Utunzi wa miaka mia mbili iliyopita hauna mwenyewe tena. Rekodi yake iliyopigwa na okestra juzi inaye. Chuoni kwenu hakukosi mwanafunzi anayepiga gitaa au ngoma. Mwombe atunge dakika mbili, akupe ruhusa kwa maandishi, na jina lake liandikwe. Au usiweke muziki kabisa: mzizi unaopinda katika ukimya, kisha sauti ya mtu, unaweza kushika ukumbi vizuri sana.

Haki ya pili ya kuangalia ni yako mwenyewe. Katika nchi nyingi, zikiwemo Uingereza na Marekani, kazi aliyoitengeneza mwajiriwa kama sehemu ya ajira yake ni mali ya mwajiri, isipokuwa kuna makubaliano mengine. Wewe ulitumia kamera ya kazini, maabara ya kazini, na huenda saa za kazi. Mwanafunzi aliyehariri kwa kawaida si mwajiriwa, hivyo mchango wake ni wake, isipokuwa alilipwa kama msaidizi. Vyuo vingi vina sera inayoeleza nani anamiliki nini. Itafute, na kama haieleweki muulize mkuu wa idara kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Isome pia sehemu ya fomu inayohusu haki za tamasha. Kuwapa ruhusa waonyeshe filamu na kuitumia katika matangazo ya chuo ni jambo la kawaida, kubali. Kuhamisha umiliki wote ni jambo jingine, na hapo uliza kabla ya kutia saini.

Wale wawili wanaozungumza watie saini fomu ya ridhaa inayotaja tamasha kwa jina, na inayosema kama filamu itawekwa mtandaoni baadaye. Kama picha yoyote ilichukuliwa kwa ajili ya utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili, ridhaa ile ilikuwa ya utafiti. Haihami yenyewe kwenda kwenye burudani.

Weka manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa chini ya picha, hata kama kila mtu anaijua lugha ya filamu. Wapo wasiosikia vizuri, na zipo spika za ukumbi zinazozamisha konsonanti. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi zipatazo 40, na ikae muda wa kutosha kusomwa bila haraka. Yatoe kama faili ya SRT, yaani faili ya maandishi yenye manukuu na muda wa kila moja, ikiwa waandaaji wanakubali, pamoja na nakala nyingine yenye manukuu yaliyochomwa ndani ya picha. Na kwa kuwa una picha za kuharakisha, angalia kusiwe na mmweko unaozidi mara tatu kwa sekunde. Ndicho kiwango cha usalama kinachotumika katika miongozo ya upatikanaji wa maudhui ya wavuti, kwa ajili ya watu wenye kifafa.

Faili ya kuwasilisha haina makuu: MP4 iliyobanwa kwa mfumo wa H.264, picha ya nukta 1920 kwa 1080, sauti ya kilohertz (kHz) 48. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, dakika 5 zinafika megabaiti 375. Kwenye mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde hizo ni dakika 25 za kupakia, mtandao usipokatika. Siku ya mwisho kila mtu chuoni anapakia kwa wakati mmoja, kwa hiyo peleka siku mbili kabla. Wakikuomba picha ya bango, usichomoe fremu kwenye video: fremu hiyo ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inatoka na upana wa sentimita 16 tu. Zile picha moja moja ulizopiga za mzizi ni kubwa zaidi, tumia mojawapo. Na omba kuijaribu filamu kwenye projekta ya ukumbi, maana projekta nyingi hufifisha weusi, na mzizi mweupe juu ya kitambaa cheusi unaweza kuonekana juu ya kijivu.

Sasa lile la kuwaachia wanafunzi uwanja. Naona limekukera moyoni, na ni vizuri kwamba umelifikiria. Soma kama kuna vitengo tofauti vya wanafunzi na wafanyakazi. Vikiwepo, hakuna tatizo: ingia kwenye cha wafanyakazi, au kwenye cha timu za mchanganyiko ikiwa wamekiweka. Ikiwa wote mnashindana pamoja, waulize waandaaji kwa nini. Mara nyingi wamekusudia kazi za ushirikiano kama yenu. Ninachokiona si haki ni mfanyakazi kuingia kama mwanafunzi kwa mgongo wa mwanafunzi, yaani kumwandika yeye ili mpate kitengo chepesi ilhali maamuzi yote ni yako. Kinyume chake nacho si haki, kumwita msaidizi mtu aliyeijenga filamu.

Hilo ndilo litakalokujibu kuhusu jina. Msipange majina kwa vyeo vya chuo. Andikeni kazi aliyoifanya kila mtu: mpiga picha, mhariri, mtafiti, wazungumzaji, mtunzi wa muziki. Kisha mwulize mwanafunzi wako swali hili kabla hamjagusa picha: filamu mpya ya dakika 5, nani ataamua ianzie wapi na iishie wapi? Akiamua yeye, yeye ndiye mwongozaji, na jina lake litangulie hata kama mbegu, kamera na maabara ni zako. Mkiamua pamoja, andikeni wawili kwa mpangilio wa alfabeti. Fomu ikikubali jina moja tu, muulizeni mwandaaji awaruhusu mawili. Asipokubali, jina la mbele liwe la aliyeongoza na mengine yote yaonekane ndani ya filamu. Zawadi ikiwa ni fedha au kifaa, kubalianeni leo itagawanywaje, umwandikie ujumbe mfupi wenye makubaliano hayo naye akujibu kwamba amekubali, kabla ya fomu kwenda.